Toa Mkono

Mwana wa Khalifa amempanda farasi asiyemjua. Amegusa kishikio kimoja tu, farasi akaruka: juu ya umati uliokuja kwenye sherehe, juu ya mapaa ya mji, juu ya mawingu. Sasa kijana anatapatapa angani, kwa maana mwenye farasi alimwonyesha namna ya kupaa, hakumwonyesha namna ya kushuka. Kilemba kinayumba. Mgongo unajikunja. Vidole vinaitafuta shingo ya farasi kama vya mtoto anayemng'ang'ania mama yake sokoni. Hana macho, hana mdomo, hana rangi ya uso. Ni karatasi nyeusi iliyokatwa kwa mkasi. Na hofu yake naijua vizuri kuliko ya waigizaji wengi wenye nyama na damu niliowahi kuwatazama.

Kijana huyo ni Achmed, na filamu ni Die Abenteuer des Prinzen Achmed, visa vya mwanamfalme Achmed, aliyoitengeneza Lotte Reiniger huko Ujerumani. Ilionyeshwa kwa mara ya kwanza Berlin tarehe 2 Mei 1926. Inachukua dakika 65 hivi. Katika filamu ndefu za katuni zilizosalia duniani hakuna iliyo kongwe kuliko hii. Ile ya Quirino Cristiani wa Argentina, ya mwaka 1917, iliitangulia lakini imepotea. Wengi wetu tumekua tukiamini kwamba katuni ndefu ilizaliwa na Disney, mwaka 1937, na binti Snow White na vibete wake saba. Miaka 11 kabla ya hapo mwanamke wa miaka 26 alikuwa amekwisha kuimaliza yake, na hakuwa na kiwanda cha wachoraji. Alikuwa na mumewe, wasaidizi wachache na mkasi.

Kazi yenyewe ilikwenda hivi. Kioo kinalazwa kama meza. Chini yake taa. Juu ya kioo karatasi nyembamba inayopitisha mwanga. Juu kabisa kamera inayotazama chini. Kikaragosi kinalazwa juu ya mwanga huo na kamera inakiona kama kivuli. Kila kiungo kimekatwa peke yake: paja mbali, goti mbali, kiganja mbali, kichwa mbali, kisha vimeunganishwa kwa waya ili vikunjike. Karatasi ngumu imechanganywa na risasi iliyobapwa hadi ikawa nyembamba, ili kikaragosi kitulie pale kinapowekwa. Unasogeza mguu kidogo, upana wa unywele. Unatoa mkono. Unapiga picha. Unarudisha mkono, unasogeza tena. Sekunde moja ya filamu inataka picha 24. Kwa Achmed zilipigwa takribani picha 250,000, na zilizobaki baada ya kuchambua na kukata ni kama 96,000.

Hesabu hizo hutajwa kila mahali filamu hii inapotajwa, na watu hushangaa, wakasema: subira iliyoje. Mimi kinachonishika ni kitu kingine. Ukizichukua picha hizo zote 96,000 ukazikagua moja baada ya nyingine, hutaona mwendo hata mmoja. Katika hii Achmed amesimama. Katika inayofuata amesimama pia, palepale karibu. Mwendo haumo ndani ya picha. Umo kati ya picha na picha, kamera ilipofumba jicho na mkono wa Reiniger ukaingia, ukafanya jambo lake, ukaondoka. Kwa hiyo tunachokitazama kwa dakika 65 ni kazi ya mkono ambao kila mara umekwisha kuondoka. Umetoka sasa hivi. Karatasi bado ina joto lake.

Na mkono huo ulifanya kazi mahali pa ajabu. Mfanyabiashara wa benki aitwaye Louis Hagen alikuwa amenunua shehena ya mkanda wa filamu usiopigwa wakati mfumko wa bei ulipokuwa unazigeuza fedha za Ujerumani kuwa makaratasi. Alitarajia mkanda ungelinda mali yake, na haukumletea faida aliyoitaka. Akamwuliza Reiniger kama angeweza kuutumia kwa filamu ndefu ya vivuli. Kabla ya hapo katuni nyingi zilikuwa vichekesho vya dakika chache. Hakuna aliyekuwa na hakika kwamba watu wangekaa kutazama vikaragosi kwa zaidi ya saa nzima. Hagen akawapa dari iliyokuwa juu ya gereji, karibu na nyumba yake mjini Potsdam, na hapo ndipo walipofanya kazi kuanzia 1923 hadi 1926. Paa lilikuwa chini mno kiasi kwamba ilikuwa shida kusimama wima. Kamera ilihitaji kimo, basi kioo kikashushwa karibu na sakafu, na Reiniger akafanya kazi yake akiwa amepiga magoti juu ya kiti kilichong'olewa kwenye gari bovu.

Nimekifikiria sana kiti hicho. Miaka mitatu mtu amepiga magoti, ameinamia taa, kikaragosi chini ya uso wake, mumewe Carl Koch akiisimamia kamera. Anayeanguka kutoka angani ni Achmed. Anayejua lini atatua ni mwanamke aliyepiga magoti kwenye kiti cha gari, na kwake kuanguka kule hakukuwa na haraka hata kidogo. Jambo la sekunde tatu lilimchukua sehemu kubwa ya siku. Ilimbidi aikumbuke kasi wakati hana kasi. Ajue kwamba mtu anayeshtuka hutangulia kurudisha mabega kabla ya kuinua mikono, na alijue hilo picha 10 kabla halijatokea.

Kiswahili kina neno lake katika habari hii, na sidhani kama tunalisikia tena tunapolitamka. Tunasema kikaragosi, karagosi. Neno hilo limesafiri kutoka kwa Waturuki, kupitia Waarabu, na kwao Karagöz ni jina la mtu: yule mcheshi wa michezo ya vivuli ya enzi za Dola ya Uthmaniya, maskini mwenye ulimi mkali, jina lake likiwa na maana ya jicho jeusi. Vikaragosi vyake hukatwa kwa ngozi ya ngamia, iliyokwaruzwa hadi ikapitisha mwanga, vikachezeshwa kwa vijiti nyuma ya kitambaa kilichomulikwa. Kwa hiyo kila Mswahili anayesema kikaragosi ametaja mchezo wa vivuli bila kukusudia. Reiniger alikuwa wa ukoo huohuo. Tangu akiwa msichana alikata vivuli na kuchezesha tamthilia nyumbani kwao. Kamera ilikuja baadaye, ikamwondolea vijiti.

Wapo waliomwona akikata hata alipokuwa mzee, na filamu fupi za kumbukumbu zimemhifadhi akiwa kazini. Mkono ulioshika mkasi karibu hausogei. Unafungua na kufumba tu, kama mdomo wa samaki. Kinachozunguka ni karatasi, mkono wa kushoto ukiigeuza taratibu, na kipande kinaanguka mezani kikiwa tayari ni twiga, au bibi kizee, au tawi lenye majani yote. Hachori kwanza kwa penseli. Ukiwahi kumtazama mama wa pwani anayechora hina bila kigezo, ua likitokea kwenye kiganja cha bibi harusi kana kwamba lilikuwamo siku zote likingoja kuitwa, utakuwa umekaribia kuuelewa mkasi ule.

Na visa vyenyewe si vigeni kwetu. Ni vya Alfu Lela Ulela, ambayo imesomwa kwa Kiswahili vizazi kadhaa na kusimuliwa kabla ya kusomwa. Lakini visa vya Achmed na Aladini, ambaye naye yumo katika filamu, vina historia iliyojificha. Havikuwamo katika maandiko ya kale ya Kiarabu aliyokuwa nayo Antoine Galland, Mfaransa aliyekitafsiri kitabu hicho mwanzoni mwa karne ya 18. Alivisikia Paris mwaka 1709 kutoka kinywani mwa kijana wa Aleppo, Hanna Diyab, akavitia katika tafsiri yake, na jina la kijana halikutajwa kitabuni. Kwa muda mrefu dunia ilimpenda Aladini bila kumjua aliyemsimulia. Naye ni mkono ulioondoka kabla picha haijapigwa.

Kisha kuna Wak Wak. Farasi anapomshusha Achmed hatimaye, anamshusha katika kisiwa hicho, na hapo anamwona Pari Banu na wenzake wakitua ziwani wakiwa ndege, wakivua manyoya na kuoga. Maji yale ni sehemu nzuri kupita zote katika filamu: kivuli kinaingia majini, kivuli chake kinatetemeka chini yake, na huwezi tena kujua karatasi inaishia wapi. Kwamba Achmed analificha vazi la Pari Banu ili asiweze kuruka, hilo sikulipenda nilipokuwa kijana na silipendi sasa. Kisa cha zamani kina dhambi zake, na filamu imezibeba pamoja na uzuri. Ila jina la kisiwa linanigusa kwa namna nyingine. Al-Masudi, msafiri wa Baghdad aliyefika pwani yetu katika karne ya 10, aliitaja nchi ya Waqwaq pamoja na Sofala, mwisho wa nchi ya Zanj. Waandishi wengine wa Kiarabu waliipeleka mbali, upande wa China. Reiniger alimfuata nani haijalishi. Kwenye filamu yake mtu anatoka Wak Wak na kujikuta China bila kuvuka ramani yoyote ninayoijua. Lakini mimi mtu wa pwani, kila farasi anapoanza kushuka, natazama chini kama abiria anayetafuta paa la kwao.

Labda ndiyo sababu jina la adui lilinichoma. Anaitwa Mchawi wa Kiafrika. Anaonekana mapema kabisa, pua imepinda kama kulabu, mgongo umeinama, vidole virefu kama mizizi ya mkoko. Hafanani na Mwafrika yeyote. Jina limetoka kwa Galland, ambaye mchawi wake katika kisa cha Aladini ni mtu wa Maghrib, na Mfaransa wa zama zile akimtaja mtu wa huko alisema Mwafrika, basi. Jina likasafiri na karatasi likafika Potsdam, na hakuna aliyesimama kuuliza. Hilo ni kosa, na uzuri wa filamu haulifuti.

Hata hivyo mtazame mchawi huyo akifanya kazi. Farasi wa ajabu hakumwokota, amemfanya yeye. Anatandaza vidole hewani, na kutoka kwenye giza maumbo yasiyo na jina yanajikunja, yanayeyuka, yanakuwa kwato, yanakuwa shingo. Maumbo hayo aliyatengeneza Walter Ruttmann, msanii aliyejulikana kwa filamu zisizo na watu wala vitu, mistari na mawimbi tu, kwa kukata nta tabaka kwa tabaka kwenye mashine aliyoibuni Oskar Fischinger. Katika kisa kizima Khalifa anapokea zawadi, Achmed anapanda, Aladini anatumwa. Mchawi peke yake anatengeneza kitu kwa mikono, kikapata uhai, kikaruka. Reiniger alimpa vidole vizuri kuliko vya mtu mwingine yeyote kwenye filamu, na siamini kwamba ilitokea kwa bahati. Fundi anamjua fundi. Ninapoitazama sasa huwa namsikitikia mchawi kwa jina alilopewa, na palepale namwona Reiniger mwenyewe ameinama ndani ya mgongo ule.

Ruttmann, kwa kumbukumbu za Reiniger, aliwahi kumwuliza kisa hiki cha kale kinahusiana nini na mwaka 1923. Lilikuwa swali la haki. Nje ya dari ile nchi ilikuwa imetoka vitani imeshindwa, na watu walikuwa wamebeba noti kwa vikapu kwenda kununua mkate. Naye alijibu kwa maana kwamba kisa hakihusiani na mwaka huo, isipokuwa kwamba yeye yu hai sasa, na nafasi ya kukifanya ameipata sasa. Sijasikia sababu bora zaidi ya kufanya sanaa.

Nakuja kwenye pambano, maana bila hilo sijaieleza filamu. Mchawi anakutana na bibi wa mlima wa moto, kikongwe mwenye sura mbaya ambaye ndiye rafiki wa dhati kuliko wote aliopata Achmed. Wanapigana kwa kujigeuza. Mmoja simba, mwingine joka. Mmoja nge, mwingine jogoo wa kumdonoa nge. Wanaingia majini, wanatoka, na mwisho wanarushiana moto. Katika filamu za leo za kompyuta simba angeyeyuka akawa kitu kingine mbele ya macho yetu, laini, bila mshono. Hapa mshono upo. Kuna nukta ambapo karatasi moja imeondolewa na nyingine ikawekwa, na jicho linaiona bila kuiona. Mtu anaogopa zaidi kwa sababu hiyo. Kitu hakikubadilika, kilikuwa hiki, sasa ni kile, na katikati hapakuwa na mtu wa kumwuliza.

Hagen alikuwa Myahudi. Aliyeipa dari yake filamu hii, na mkanda wake, hakuwa na mahali tena katika Ujerumani iliyokuja. Mwanawe, Louis kama baba yake, ambaye alikuwa mtoto filamu ilipokuwa inatengenezwa palepale nyumbani kwao, alitiwa kambini na Wanazi akiwa kijana mdogo, akaponea, akafika Uingereza, akapigana vita upande wa Waingereza. Baada ya vita Reiniger naye alihamia London, na katika miaka ya 1950 mtoto yule wa Potsdam ndiye aliyeshirikiana naye kuanzisha Primrose Productions, wakatengeneza pamoja filamu fupi nyingi za vivuli. Aliyemfadhili kwanza alikuwa baba. Baadaye akawa mtoto aliyewahi kuingia darini kuchungulia. Sina la kuongeza kwenye habari hiyo.

Mkanda wa asili wa Achmed ulipotea katika vita. Filamu tunayoitazama leo ilirekebishwa mwishoni mwa miaka ya 1990 kutokana na nakala yenye rangi iliyokuwa imehifadhiwa London: anga la manjano, usiku wa buluu, moto mwekundu, na juu yake vivuli vyeusi tii. Na muziki wa Wolfgang Zeller, uliotungwa kwa ajili yake, umerudishwa mahali pake.

Mwezi wa Ramadhani uliopita niliitazama na mpwa wangu, msichana wa miaka 11, umeme ulipokuwa umerudi baada ya kukatika jioni nzima. Hakusema neno hadi mwisho. Kesho yake alikuja na boksi la viatu na mkasi wa mama yake.

Tulitumia kioo kilichobaki fundi alipotengeneza dirisha la jikoni. Tukakilaza juu ya stuli mbili, tochi ya simu moja chini yake, simu ya pili tukaifunga kwa mpira kwenye ubao juu. Karatasi nyembamba tuliipata kwenye boksi lilelile, ile inayofunga viatu vipya. Akakata punda. Kichwa, shingo, mwili, mkia, miguu minne kila mmoja vipande viwili. Hatukuwa na waya mwembamba wa kutosha, kwa hiyo viungo tulivifunga kwa uzi, fundo juu, fundo chini. Punda akawa mwepesi mno. Nikipumua, mkia unakwenda.

"Mjomba, umepumua tena."

Tukabandika sarafu ya shilingi mia chini ya tumbo. Hapo ndipo nilipolielewa tumbo la kivuli: sarafu ilikuwamo, nzito, na kamera haikuiona, kwa sababu kwenye kivuli kila kilichomo ni cheusi. Kumbe Achmed naye amebeba risasi na waya na mafundo mwili mzima, na sisi tunamwona mwanamfalme.

Tuliamua picha 12 kwa sekunde, nusu ya zile za Reiniger. Mguu wa mbele kidogo. Toa mkono. Picha. Mguu wa nyuma kidogo. Toa mkono. Picha. Saa moja ikapita, ya pili ikapita, kukaribia futari, magoti yangu yanawaka kwenye saruji. Tulipozichezesha picha zile 60, punda alitembea sekunde tano kutoka ukingo mmoja wa kioo hadi mwingine. Alikuwa anachechemea. Lakini alitembea, na alipofika katikati kitu kikubwa cheusi kikaruka juu yake na kutoweka, haraka kiasi kwamba tulidhani ni nzi.

Tukarudisha nyuma. Picha ya 41. Ilikuwa ncha ya kidole changu. Sikuwa nimekitoa kwa wakati. Kimeingia kutoka juu, kimenyooka, na punda kwa bahati kichwa chake kilikuwa kimeinuka kidogo, kama aliyesikia akiitwa.

Nikataka kuifuta.

"Iache hiyo, mjomba," alisema. "Amekuona."

Adhana ilikuwa inakaribia. Mama yake aliita kutoka jikoni mara mbili, kwa sauti ya mtu anayekaanga sambusa. Msichana akamrudisha punda mwanzoni mwa kioo, akamnyoosha miguu, akanikabidhi mkia niushike nisije nikaupumulia, na yeye mwenyewe akaweka kidole juu ya simu.

"Haya," akasema. "Sogeza. Toa mkono."